Jessica, Binti Tuliyemsahau katika Mabepari wa Venisi

Tamthiliya ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere iliyotoka mwaka 1969, wengi wetu huisoma kwa jicho moja. Shylock ni bepari, mkopeshaji mwenye roho ngumu anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake, na kushindwa kwake mahakamani ni ushindi wa utu dhidi ya mali. Usomaji huo una sababu. Tafsiri ilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na jina lake linaelekeza huko: Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja, Mwalimu akataja mabepari. Wingi huo una faida, maana unamgusa hata Antonio, Mkristo mwenye mali yake baharini. Hata hivyo, neno bepari linafunika jambo jingine. Shylock hatemewi mate kwa sababu ya riba peke yake, bali pia kwa sababu ni Myahudi. Katika Venisi yenyewe, tangu mwaka 1516, Wayahudi walitengewa mtaa wao, na malango yake yalifungwa usiku.

Anayelionyesha jambo hili vizuri zaidi ni Jessica, binti wa Shylock. Darasani humtaja kwa sentensi moja tu: alitoroka na Lorenzo. Lakini kabla ya kutoroka, anakiri kwamba anaona haya kuwa mtoto wa baba yake, na papo hapo anajua kwamba kuona haya huko ni dhambi. Huyu ni kijana aliyekua akisikia kila siku mji ukiwasema vibaya watu wa nyumbani kwake, mpaka naye akaanza kuwatazama kwa macho ya mji.

Mimi sijawahi kukutana na Myahudi. Ninatoka Mbau, wilaya ya Mocímboa da Praia, na lugha ya mama yangu ni Kimwani. Tangu vita vya Cabo Delgado vilipoanza Oktoba 2017, nikitaja kwetu, watu hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama nawajua wale wa msituni. Nilipofika chuoni nikaanza kujibu kwamba natoka Pemba. Wenzangu wakadhani ni Pemba ya Zanzibar, nami nikawaacha wadhani hivyo. Kwa hiyo nilipofika pale Jessica anapovaa mavazi ya kiume na kutoka usiku, sikuona mapenzi tu. Niliona mtu anayebadili jibu la swali la “wewe ni wa wapi?”

Yapo mapingamizi. Jessica anaiba sanduku la baba yake, na habari zinamfikia Shylock kwamba pete aliyopewa na Leah imebadilishwa kwa tumbili. Simtetei kwa hilo. Ninachosema ni kwamba tamthiliya inatuonyesha gharama ya kujificha: pete ya ukumbusho inakuwa kitu cha kubadilishana sokoni. Na je, anapokewa huko alikokimbilia? Akiwa tayari ni mke wa Mkristo, Launcelot bado anamtania kwamba ataangamia kwa sababu ya wazazi wake, na kwamba Wayahudi wakizidi kubatizwa bei ya nguruwe itapanda. Ni mzaha, lakini unamkumbusha kwamba mji haujasahau.

Katika sehemu ya mwisho wengine wanafurahi. Jessica anasema kwamba muziki mtamu haumchangamshi, kisha hasemi tena mpaka pazia linafungwa, hata inapoletwa hati ya kuwarithisha yeye na mumewe mali ya Shylock, ambaye mahakama imemlazimisha kuwa Mkristo. Tukimsoma Shylock kama bepari tu, ukimya huo hauna maana yoyote. Tukikumbuka kwamba baba na binti wote wameacha dini yao, mmoja kwa amri na mwingine kwa aibu, ukimya huo unakuwa hukumu juu ya Venisi.

Sidai kwamba Mwalimu alikosea kuchagua neno mabepari. Nadai kwamba sisi wasomaji tumelitumia kama kifuniko. Swali la mtihani kuhusu unyonyaji libaki, lakini liongezwe la pili: Jessica alitoroka nini? Mimi kwa upande wangu nimeanza kulijibu, na ndiyo sababu nimeliandika hapa jina la Mbau.