Picha ya Kuazima

Katika maktaba ya mtandaoni ya African Storybook, mchoro mmoja hubeba hadithi nyingi: leseni iko wazi, unachukua picha, unaandika hadithi yako. Nausifu ukarimu huo. Vitabu vya watoto ni ghali. Lakini picha ya kuazima huja na vilima vyake. Mtoto wa Kebirigo anajua chai iliyo bapa juu kama meza, kikapu mgongoni, mvua ya alasiri. Akipewa uwanda wenye mti mmoja, atasoma vizuri tu, ila kwao hakumo. Kwangu, mchoraji wa kidijitali aanze na miguu: atembee shambani, achore kwa penseli, ndipo awashe tableti. Rangi hubadilishwa kwa kidole, mahali, sivyo. Wachoraji wa Gusii, wekeni chai yetu humo, wengine nao waazime kwetu.