Kivuli Bila Mwenyewe: Picha za Jiro Takamatsu

Mwaka wa 1964, msanii wa Japani Jiro Takamatsu (1936-1998) alianza kuchora mfululizo wa picha za vivuli. Juu ya usuli mweupe huonekana kivuli cha mtu, lakini mtu mwenyewe hayumo. Fani ni sahili: aghalabu nyeupe na kijivu tu. Hata hivyo, mtazamaji hushawishika kugeuka amtafute aliyesimama nyuma yake. Baadhi ya picha zina vivuli vilivyopandana, kana kwamba mtu mmoja anamulikwa na taa mbili. Je, kipi ndicho cha kweli? Hapa ndipo yalipo maudhui: jicho huona kidogo, akili ikajaza lililobaki, na linalojazwa laweza kuwa uongo.

Mtahiniwa ana la kujifunza. Jazanda nayo ni kivuli ambacho mwenyewe hatajwi. Haitoshi kuandika kwamba mwandishi ametumia jazanda na kuishia hapo. Kionyeshe kivuli, mtaje mwenyewe asiyeonekana, kisha uthibitishe kwa kurejelea matini. Asiyethibitisha huenda anahakiki kivuli chake mwenyewe.