Behewa Lisilo na Kichwa

Nilikuwa nimeinama juu ya fungu la midoli ya mitumba pale Mwanjelwa, Mbeya, natafuta kitu cha kumpelekea mjukuu. Juu wamelala wanasesere wa jicho moja, chini yao vigari vya plastiki vilivyopoteza magurudumu. Katikati mkono ukagusa kitu chembamba, kizito kuliko umbo lake. Nikakivuta. Behewa la treni, rangi ya fedha, ubavu wake una mifuo iliyonyooka toka ncha hadi ncha.

"Mchongoko huo, mzee. Mchukulie mjukuu," akasema muuzaji.

"Sasa dada, mbona halina kichwa?"

"Kichwa kimetangulia Dodoma."

Tukacheka. Nikalipa shilingi elfu tatu na kuondoka na behewa lisilo na wa kulivuta.

Mnunuzi wa mitumba ana tabia moja nzuri: halipi kabla hajapindua nguo ndani nje, akaona mshono umekwendaje. Nami nyumbani nilivaa miwani nikalipindua behewa langu tumbo juu. Nilidhani nitakuta plastiki tupu. Nikakuta tangi la hewa la breki, mabomba yake, na kisanduku cha betri chenye vifuniko vinavyotambulika kimoja kimoja. Vyote hivyo havizidi ukubwa wa punje za mahindi, na treni ikisimama juu ya reli hakuna jicho linalovifikia. Aliyevichonga hakuwa akimtengenezea mtoto kitu cha kuburuza sakafuni. Alikuwa anataka kusema kweli kuhusu treni.

Nadhani dada yule hakukosea kuliita behewa lile mchongoko. Tangu mwaka 2024, treni za umeme zilizotengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini zilipoanza kukimbia kwenye reli ya SGR, Watanzania wamelipa jina hilo umbo lile la pua iliyochongwa ili ipasue upepo. Watu wa Ulaya na Marekani walikumbwa na uchu wa umbo hilo miaka ya 1930. Mwaka 1933 treni ya dizeli iitwayo Fliegender Hamburger ilianza safari kati ya Berlin na Hamburg, ikafikia kilomita 160 kwa saa, kasi ileile ya mchongoko wetu. Tarehe 26 Mei 1934 treni ya chuma kisichoshika kutu, Zephyr, iliondoka Denver alfajiri ikaingia Chicago jioni: zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa 13 na dakika 5, bila kusimama. Tarehe 3 Julai 1938 injini ya mvuke ya Kiingereza, Mallard, ikagusa kilomita 203 kwa saa, na hakuna injini ya mvuke iliyoivunja rekodi hiyo hadi leo.

Treni hizo ndizo zinazopendwa sana na wakusanyaji wa modeli. Uwiano ulioenea zaidi duniani ni 1:87, yaani kila kitu kigawanywe kwa 87. Kwa kipimo hicho behewa la mita 20 linakuwa na sentimita 23, shubiri moja ya mtu mzima. Reli yote ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ingekuwa na kilomita 21 na ushei: ukianzia Mwanjelwa usingekuwa mbali na uwanja wa ndege wa Songwe.

Kugawanya kwa 87 ni hesabu ya darasa la nne. Ufundi unaanza pale hesabu inapogoma. Chukua bati la behewa lenye unene wa milimita 2. Ligawe, unapata kitu chembamba kuliko unywele, ukikigusa kimejikunja. Chukua kona ya reli yenye nusukipenyo cha mita 300. Igawe, unapata karibu mita tatu na nusu, kwa hiyo duara zima linataka chumba cha mita saba. Nyumba zetu nyingi huku zina vyumba vya futi kumi kwa kumi. Hata huko Ulaya ni wachache wenye ukumbi wa kuichezea treni.

Basi fundi hudanganya. Kona anaikunja zaidi ya ilivyo, ukuta anaunenepesha, ukingo wa gurudumu anaurefusha ili lisiruke reli. Nililipima behewa langu kwa rula: sentimita 25. Mabehewa halisi ya Marekani yenye mifuo kama yake yalikuwa na futi 85, karibu mita 26, na kwa 1:87 lingepaswa kukaribia sentimita 30. Sentimita tano zimekwenda wapi? Fundi amezikata, maana behewa refu likipita kwenye kona kali tumbo lake hutoka nje ya njia na kugonga kila kilicho kando. Ila hakukata popote tu. Dirisha limebaki na upana wake, mlango na urefu wake, mifuo haikuvunjika. Amepunguza idadi ya madirisha, akaacha mwendo wa jicho kutoka dirisha hadi dirisha uwe uleule. Bila rula nisingejua.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Kupunguza kitu ni rahisi. Kujua kipi kikipungua kitu kinabaki chenyewe, na kipi kikipungua kinakuwa kingine, hiyo ni elimu ya miaka. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na modeli nayo huumbukia kwenye vyembamba: kishikio cha mlango, ngazi, maandishi ya ubavuni. Fundi mvivu hunenepesha kishikio kikawa kama mchi wa kinu. Cha behewa langu ni waya mwembamba kama sindano, umetobolewa tundu zake mbili, umepachikwa ukasimama.

Wapo wanaoona haya yote ni mchezo wa watu wazima wenye fedha za kuchezea. Ni kweli kuna modeli ambazo bei yake ingenunua bodaboda. Lakini sikilizeni kisa cha M-10000. Treni hiyo ya kampuni ya Union Pacific ilitoka kiwandani Februari 1934, ya aluminiamu, mabehewa matatu yaliyoungana kama nyungunyungu, rangi ya njano na kahawia. Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Watu wasio na kazi walijipanga kuitazama. Mwaka huohuo kampuni ya Lionel ya New York ikatoa modeli yake. Vita ikaja, aluminiamu ikahitajika, na mwaka 1942 M-10000 ikakatwakatwa ikauzwa kama chuma chakavu. Treni iliyokusanya umati ikaishia kwenye mizani. Modeli zake zipo hadi leo, kwenye makabati ya watu, zimefungwa kwa vitambaa, na ukitaka kujua pua yake ilikuwaje unaweza kuizungusha mkononi.

Mwanjelwa tunaijua mizani ya chuma chakavu. Kila siku mikokoteni hupita na mabati, vitanda, injini za pampu, na hakuna anayeuliza kitu kilikuwa nani kabla hakijawa kilo.

Sasa niseme la kwetu. Watoto wa Mbeya ni mafundi wa modeli toka kale. Waya, makopo, ndala zilizochoka za kukatia matairi, fimbo ndefu yenye usukani: anapita mtoto na lori la ekseli tatu, kona anaikata kwa adabu, mdomoni analia breki ya upepo. Nimewachunguza sana. Maturubai ya mizigo wanayaweka, vioo vya pembeni wanaviweka, hata vizuia-matope nyuma ya matairi. Madirisha hawahangaiki nayo. Wamekwishachagua, kama yule fundi wa behewa langu, kipi kinalifanya lori liwe lori.

Lakini treni hawatengenezi. Sababu si ugumu wake. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita mlangoni kwetu na malori hayakatiki usiku na mchana. Mtoto anaiga anachokiona. Treni ya abiria ya TAZARA, iwe Mukuba au Kilimanjaro, ni mgeni wa siku chache kwa wiki, na stesheni iko pembeni ya mji. Reli hiyo ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976, na sehemu yake iliyo juu kabisa iko hapa jirani, Uyole, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Babu za watoto hawa walizibeba reli zile mabegani. Wajukuu wanaijua TAZARA kama jina la kituo cha daladala.

Septemba 2024, huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Nami naitaka ifufuke. Ila reli ikifufuka, mabehewa ya zamani huondoka: yale ya vitanda sita kwa chumba, yenye dirisha la kushusha ambalo tumenunulia ndizi na mahindi ya kuchoma njia nzima. Yataenda mizanini. Makumbusho hayawezi kutunza kila behewa, lakini mtoto mwenye waya anaweza, mradi awe ameliona kwa karibu akalipima kabla halijaondoka.

Kwa hiyo ombi langu kwa mzazi wa Mwanjelwa ni dogo. Siku ya treni mpandishe mtoto daladala, mfike stesheni, umpe daftari na futi kamba. Ahesabu madirisha. Apime mlango kwa kimo chake mwenyewe. Ainame atazame chini ya behewa. Waunda modeli wa New Zealand, wenye reli ya upana sawa na ya TAZARA, wengi wao hutumia uwiano wa 1:64, nao utamfaa. Upana wa njia ya TAZARA ni milimita 1,067. Gawanya kwa 64, unapata milimita 17 kasoro kidogo. Aanzie hapo.