Kanuni za Ziada katika Michezo ya Uigizaji wa Mezani: Ruhusa au Marekebisho?

1.0 Utangulizi

Mchezo wa uigizaji wa mezani ni masimulizi yanayotungwa papo kwa papo na watu wachache waliokaa pamoja. Msimamizi hueleza mahali na tukio. Kila mchezaji husema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake. Na pale matokeo ya tendo yanapokuwa na shaka, dadu hurushwa. Kwa istilahi za fasihi simulizi, hapa hakuna mpaka wa kudumu baina ya fanani na hadhira, kwani kila aliyepo huwa fanani kwa zamu yake. Kanuni zilizoandikwa ndizo zinazowawezesha mafanani hao kukubaliana juu ya lililotokea.

Wachapishaji wa michezo hii huishi kwa kuuza vitabu, na mchezaji aliyekwisha kununua kitabu cha msingi hana haja ya kukinunua tena. Ndiyo maana vitabu vya nyongeza hufuatana. Swali linalojadiliwa katika makala haya ni hili: ni kanuni zipi za ziada zinazostahili kuchapishwa? Hoja inayotetewa ni kwamba nyongeza yenye manufaa hurekebisha jambo ambalo kanuni za msingi hazikuliona. Nyongeza inayomuuzia mchezaji ruhusa ya kufanya alichokuwa akikifanya tangu awali huupunguza mchezo, hata kama inaongeza kurasa zake.

2.0 Greyhawk: Nyongeza Mbili katika Kijitabu Kimoja

Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka 1974 ukiwa na vijitabu vitatu. Aina za wahusika zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwaka 1975 ilitoka nyongeza ya kwanza, Greyhawk, iliyoandikwa na Gygax pamoja na Rob Kuntz. Humo mna kanuni mbili zinazofaa kulinganishwa.

Ya kwanza inahusu silaha. Katika vijitabu vya msingi, kisu na upanga mkubwa vilijeruhi kwa kipimo kimoja cha dadu ya pande sita. Greyhawk iliipa kila silaha kipimo chake. Uteuzi wa silaha, ambao awali haukuwa na uzito mkubwa kikanuni, ukapata maana. Hakuna tendo lililozuiwa.

Ya pili ni aina mpya ya mhusika, yaani mwizi. Huyu alipewa asilimia za kufungua kufuli, kutembea kimyakimya na kujificha vivulini. Kwa mtazamo wa haraka hii ni zawadi. Hata hivyo, kabla ya mwizi kuingia, mpiganaji aliyetaka kunyata aliweza kueleza jinsi alivyovua viatu na kuambaa ukutani, naye msimamizi akayapima maelezo hayo. Asilimia zilipoandikwa kwa ajili ya mmoja, ikawa rahisi kuhitimisha kwamba wengine hawana haki ya kujaribu. Kanuni haikutamka hivyo. Ukimya wake ndio uliotamka.

Mtetezi wa mwizi ana hoja ya haki. Si kila mchezaji ana ulimi mwepesi, na tarakimu humsaidia asiyejua kujieleza ili naye anyate sawa na msemaji hodari. Hoja hiyo ina uzito, ila inadai tarakimu kwa wote. Kijitabu kingeweza kumpa kila mhusika nafasi ndogo ya kunyata, kisha kumpa mwizi nafasi kubwa zaidi. Ustadi wake ungebaki, na wenzake wasingefungwa miguu.

3.0 Kiswahili kama Asilimia

Mfano wa pili unatoka katika Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha uliobuniwa na Sandy Petersen na kuchapishwa na Chaosium mwaka 1981. Nyongeza zake nyingi ni visa vya kuchezwa kwa kanuni zilezile za msingi. Mojawapo ya zile maarufu zaidi ni Masks of Nyarlathotep ya mwaka 1984, iliyoandikwa na Larry DiTillio pamoja na Lynn Willis. Kisa chake huwapeleka wapelelezi wa mwaka 1925 kutoka New York hadi London, Misri, Kenya na Shanghai.

Katika mchezo huu lugha ni ustadi unaopimwa kwa asilimia. Mgeni anayefika Nairobi bila Kiswahili atarusha dadu na aghalabu atashindwa, na hilo ni sawa. Tatizo liko kwingine. Katika matoleo mengi ya mchezo huo, asilimia ya mhusika katika lugha yake mwenyewe hutokana na kipimo chake cha elimu. Kwa profesa wa New York kanuni hiyo haina kasoro inayoonekana. Ikihamia Kenya, inamkuta manju ambaye hakuwahi kuingia darasani, ingawa watu hutoka mbali kuja kumsikiliza. Kanuni ikifuatwa neno kwa neno, huyu ataonekana hajui vyema lugha aliyozaliwa nayo. Msimamizi mwenye busara ataisahihisha, lakini kwanza lazima aing'amue kasoro hiyo, na aliye mbali na mazingira hayo huenda asiing'amue.

Hapa ndipo kanuni ya ziada inapohitajika kweli. Sentensi moja inayotenganisha umahiri wa kusema na kiwango cha elimu ingetosha. Isingempa yeyote nguvu mpya dhidi ya majinamizi, ila ingemruhusu Mkenya wa kisa hicho kuwa msemaji kamili mezani.

4.0 Hitimisho

Mifano hii inatoa vigezo viwili vya kuhakiki nyongeza yoyote. Kwanza, je, kanuni mpya inamzuia mtu kutenda alichoweza kutenda jana? Pili, je, inaona mtu au jambo ambalo kanuni ya zamani ililipita? Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kanuni ya ziada ni mgeni katika mchezo, na upimwe uponyaji wake kabla ya unene wa kitabu chake. Kwa watunzi wanaotumia Kiswahili, kazi inaanzia kwenye kanuni zilizopo: kuzisoma kwa jicho la mwenyeji, na kuandika sentensi chache ambazo mtunzi wa mbali hakujua kwamba zinakosekana.