Sifa ya Wahariri wa Handakini

Mwanzoni mwa 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, ulikuwa magofu matupu. Mizinga ya Wajerumani ilikuwa imeutwanga zaidi ya mwaka mzima. Katika vifusi hivyo askari wa Kiingereza wa batalioni ya 12 ya Sherwood Foresters waliokota mtambo wa kuchapia uliotelekezwa. Kapteni Fred Roberts na Luteni Jack Pearson wakampata sajini aliyekuwa mpiga chapa uraiani, na tarehe 12 Februari likatoka toleo la kwanza la gazeti lao, The Wipers Times, jina lililofuata matamshi ya askari waliposhindwa kuutaja mji huo.

Nawasifu kwanza kwa kazi ya mikono. Herufi hazikutosha: ukurasa mmoja tu ukishapangwa, y na e zimekwisha. Ikawalazimu kuuchapa ukurasa huo, kuubomoa, kurudisha herufi moja moja mahali pake, ndipo waanze wa pili, na makombora hayakuwangoja wamalize. Hata hivyo walitoa matangazo ya biashara ya uongo, visa vya mpelelezi Herlock Shomes, na onyo la wahariri kwamba ugonjwa wa kutunga mashairi umeenea mno handakini.

Lakini ufundi wao mkubwa ulikuwa wa kalamu. Tarehe 1 Julai 1916 yalianza mapigano ya Somme, na siku hiyo moja askari wa Uingereza zaidi ya 19,000 waliuawa. Mwisho wa mwezi huohuo gazeti, sasa likiitwa The Somme Times, likachapa tangazo la kumuuliza msomaji kama anaugua matumaini, kama huamka asubuhi akihisi mambo yanawaendea vizuri Uingereza na washirika wake. Dawa ilikuwepo: alazwe siku mbili kwao, apone kabisa.

Kwetu mtani huruhusiwa kufanya mzaha hata matangani, kwa sababu msiba ni wake pia. Roberts na Pearson walikuwa na haki hiyo. Msomaji wao alikuwa hatua chache tu kutoka walipo, katika tope lilelile. Wakimdanganya, atajua kabla wino haujakauka.

Hawakuwa waasi. Walikuwa maofisa, wote wawili walitunukiwa nishani ya Military Cross, na gazeti lao halikudai vita vikome. Walichokikataa ni lugha ya uongo. Mwandishi wa Daily Mail, William Beach Thomas, aliyewapelekea wasomaji wa nyumbani vita vyenye kupendeza, walimgeuza Teech Bomas na kuzidisha mbwembwe zake hadi zikajichekesha zenyewe. Mwaka 1925 Beach Thomas mwenyewe alikiri katika kitabu kwamba aliona haya kwa aliyoyaandika kuhusu siku ya kwanza ya Somme.

Mwandishi huyo alikuwa na gazeti kubwa, mshahara na wasomaji wengi mno. Wale wa handakini walikuwa na mtambo wa kuokota na herufi pungufu. Kilichowazidishia ubora ni kwamba msomaji aliweza kuwafikia, akawauliza uso kwa uso. Mhariri yeyote anayetaka kuupima uaminifu wa ukurasa wake na aanzie hapo: je, angethubutu kumkabidhi kwa mkono wake mtu yuleyule aliyeandikwa humo?