Hatia bila kosa: kusikiliza tena «L'enfer» ya Stromae

Leo sitaandika juu ya kutafuta kazi wala juu ya mitihani. Nitaandika juu ya wimbo moja, na juu ya vile sisi watu wenye diploma, wenye kujisifu kwamba tunajua kusoma maandiko, tulishindwa kuusoma.

Mwaka wa 2022 tulikuwa vijana wanne mu nyumba moja ya kupanga. Mmoja wetu, nitamwita tu «mwenzetu», alikuwa amemaliza masomo miaka miwili mbele, na kazi hakuna. Kila usiku umeme ukirudi, alichaji telefone na kuweka wimbo uleule, «L'enfer» ya Stromae. Mara tatu, mara ine, mpaka sisi wengine tulale. Wa kwanza akamwambia: «Toa hiyo wimbo, iko inaita mapepo.» Wa pili akasema: «Acha, huyo wa Ubeljiji anatafuta pesa tu.» Mimi sasa, mwenye nilisoma fasihi, nikatoa somo: baba yake alikuwa Munyarwanda, aliuawa mu mauaji ya kimbari ya 1994, njo maana anaimba hivyo. Nikajisikia mwerevu sana. Mwenzetu hakujibu kitu. Akapunguza sauti.

Watatu wote tulikosea, na mimi njo nilikosea zaidi. Maana wale wawili walikataa kusikiliza, lakini mimi nilijidanganya kwamba nimesikiliza.

Tuanze na yenye kujulikana. Tarehe 9 Januari 2022, Stromae alialikwa kwenye habari za saa mbili usiku za televisheni TF1 ya Ufaransa. Alikuwa amekaa miaka mingi bila albamu, na «Multitude» ilikuwa itoke mwezi wa tatu. Mtangazaji akamuuliza juu ya upweke wenye kusikika mu nyimbo zake, kama muziki ulimsaidia kujiponya. Badala ya kujibu kwa maneno ya kawaida, muziki ukaanza, na yeye akaimba jibu, palepale kwenye kiti, macho mbele ya kamera. Wengi walilia. Wengine walikasirika, wakisema ilipangwa, kwamba habari si mahali pa kutangaza bidhaa. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani naye akamshukuru hadharani kwa kuleta mazungumzo juu ya kujiua. Wote hawa walizungumza juu ya tukio. Ni wachache walirudi kwa maneno yenyewe.

Basi turudi kwa maneno. Sitayanakili hapa, kila mtu anaweza kuyatafuta. Nitaeleza tu yenye yanafanya.

Kwanza, wimbo unaanza kwa hesabu. Mwimbaji anajua hayuko peke yake mu upweke wake. Kama wote wenye kufikiri vile wangejihesabu, wangekuwa wengi sana. Unaweza kuzania hapo faraja imefika: tuko wengi, basi tupumue. Hapana. Mara moja anaonyesha kwamba kujua hesabu hakumusaidii. Hapo ndipo wimbo unashinda ushauri wetu wa kila siku. Sisi tunamwambia mtu: «Vumilia, si wewe tu, chomage iko kwa wote.» Ni kweli, lakini haifariji. Mgonjwa wa malaria haponi kwa kuambiwa kwamba mtaa wote una malaria.

Pili, anakiri kwamba mara zingine aliwaza kujiua, na kwamba hajivuni kwa jambo hilo. Angalia vile anapanga sentensi. Anasema «mara zingine», hasemi kila siku. Anaongea kwa wakati uliopita. Na anasema kwamba mtu anaamini hiyo ni njia moja tu yenye kubaki, hasemi kwamba ni njia moja tu kweli. Kati ya «naamini» na «ni hivyo» kuna nafasi ndogo, na mtu anaweza kuokoka mu nafasi hiyo.

Tatu, na hii ndiyo kubwa. Sikiliza vizuri ni kitu gani anataka kinyamaze. Si maisha, ni mawazo. Jehanamu ya kichwa cha wimbo haiko kule mbele, kisha kifo, kama tunavyofundishwa kanisani. Iko hapa, mu kichwa, na mawazo njo yanamuishisha ndani yake. Rafiki yangu wa mapepo alisikia neno «jehanamu» akakimbia. Kama angengoja sentensi iishe, angesikia mtu mwenye kutaka usingizi, kimya, kupumzika. Mtu huyo hataki kifo. Anataka makelele yaishe, na hajaona bado mlango mwingine.

Nne, kuna picha ya televisheni. Anauliza kama ni yeye peke yake mwenye televisheni yenye chaneli ya hatia. Hapa njo nataka tusimame kidogo, maana hapa njo tunachanganya mambo mawili: majuto na ugonjwa wa huzuni.

Kiswahili chetu kina methali ya majuto ni mjukuu. Mjukuu hazaliwi bila babu. Maana yake, majuto yana ukoo: kulikuwa kitendo, kulikuwa siku, kulikuwa mtu niliyemkosea. Naweza kwenda kwake, naomba msamaha, narudisha deni. Majuto yanaumiza, lakini yana anwani. Sasa tafuta kosa mu «L'enfer». Mimi nilitafuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, sikuliona. Hakuna mtu aliyekosewa, hakuna siku, hakuna deni. Kuna hatia peke yake, yenye kuzunguka kama chaneli bila programu. Ni mjukuu bila babu.

Na hii si uchawi wa mshairi. Waganga wa magonjwa ya akili, wanapoandika dalili za ugonjwa huo, pamoja na kukosa usingizi ao kulala kupita kiasi, kuchoka, kukosa hamu ya vitu vyenye mtu alikuwa anapenda, kwa wiki mbili ao zaidi, wanaandika pia hatia kubwa isiyo na sababu, na kujiona mtu asiye na maana. Kwetu tunasema «anawaza sana», «moyo umelegea». Halafu tunamwambia mtu huyo atubu. Atubu nini? Tunamuongezea hatia mtu mwenye tayari anaumwa na hatia.

Ili kuona tofauti hiyo vizuri, mfano mzuri zaidi wenye nauona ni wimbo mwingine, «Hurt». Trent Reznor wa kikundi Nine Inch Nails aliuandika, ukatoka mu 1994 kwenye albamu «The Downward Spiral». Hakuwa bado na miaka 30. Mu 2002 Johnny Cash, mzee wa muziki wa country kule Marekani, mwenye miaka 70 na mwenye kuumwa, aliuimba upya. Maneno ni yaleyale, karibu yote: alibadilisha neno moja la matusi tu, taji ikawa ya miiba. Lakini wimbo ukageuka. Kwa kijana, kujiumiza ili kuona kama bado unasikia kitu, na kuita kila kitu uchafu, ni ugonjwa unaongea: hana bado maisha marefu nyuma yake ya kuyahukumu, lakini hukumu imekwisha kutoka. Kwa mzee, maneno yaleyale yanakuwa hesabu ya mwisho. Mu video yenye Mark Romanek alitengeneza, tunaona makumbusho yake yenye kufungwa na kuharibika, picha zake za ujana, na bibi yake June Carter akimuangalia. June alikufa mwezi wa tano 2003, Cash mwenyewe mwezi wa tisa mwaka uleule. Hapo kuna vitendo, kuna watu, kuna miaka. Hapo ni majuto. Reznor mwenyewe alisema, kisha kuona ile video, kwamba wimbo si wake tena.

Kwa hiyo mtu ataniuliza: si umetuonyesha kwamba maisha ya mwimbaji njo yanatoa maana? Basi ulikosea wapi kumtaja baba wa Stromae?

Ni swali la haki. Jibu langu ni hili. Kwa Cash, maisha yake yako mbele ya macho yetu, ndani ya kazi yenyewe: sauti yenye kutetemeka, mikono, picha za zamani. Kwa Stromae, mimi nilichukua kitu chenye hakimo mu wimbo nikakiingiza kwa nguvu. Alishaimba juu ya baba asiyekuwepo mu «Papaoutai», mwaka wa 2013. Mu «L'enfer» hakumtaja. Hakutaja Rwanda. Hakutaja pia ugonjwa wenye alipata mu 2015 kisha kunywa dawa ya kuzuia malaria, wenye ulimusimamisha kuimba. Aliacha sababu zote inje. Na mwenye kuacha sababu inje anatuambia: usitafute sababu kwanza. Ukipata sababu, unafunga faili. «Aa, ni juu ya baba yake.» Imekwisha, unalala. Ndivyo nilivyofanya usiku ule, na mwenye kuhitaji kusikilizwa hakuwa Brussels, alikuwa mita mbili na mimi.

Je, wimbo hauna kasoro? Iko nayo. Ile kwaya ya sauti za wanawake ni nzuri mpaka inakuwa hatari kidogo: mtu anaweza kuimba kiitikio kwenye sherehe bila kusikia yenye anasema. Tena, ndani ya wimbo hakuna mtu mwingine. Hakuna mama, hakuna rafiki, hakuna mlango wenye kubishwa. «Wewe» mwenye anaongea naye ni mawazo yake mwenyewe. Zamani niliona hiyo kasoro kubwa. Leo naona ni ukweli wa ugonjwa: mtu anabaki kuongea na mawazo tu, maana watu wengine wamekwisha kutoka mu chumba. Na hapo njo naelewa kiti cha TF1. Kama ilipangwa, basi ilipangwa vizuri, maana aliangalia kamera, na «wewe» wa wimbo akawa mtazamaji. Wimbo ulikosa msikilizaji, usiku ule ukampata. Lakini haukuwa dawa: mu 2023 alisimamisha ziara yake juu ya afya. Kuimba ugonjwa vizuri si kupona.

Tujiangalie na sisi. Rumba yetu, yenye UNESCO iliandika kwenye urithi wa dunia mwezi wa 12 mwaka 2021, inajua kulia. Lakini kilio cha rumba kina jina: bibi aliyeondoka, rafiki aliyesaliti, ndugu wa bwana wenye roho mbaya. Halafu sebene inaingia, na huzuni inashuka mpaka mu miguu. Ni dawa nzuri, sitaidharau. Lakini imetuzoeza kungojea sebene. Tukisikia huzuni isiyo na jina la mkosaji, isiyo na ngoma mwishoni, hatujui tuiweke wapi. Njo tunasema ni pepo, ao ni pesa, ao ni baba yake.

Mwenzetu, siku moja aliweka kipande cha wimbo ule kwenye statut ya WhatsApp. Sisi tukaweka vicheko. Usiku hakurudi. Tulimtafuta mpaka asubuhi, tukamkuta kwa dada yake mukubwa, amekaa inje kwenye ngazi. Dada yake hakuwa na diploma. Aliona tu statut ile, hakuelewa Kifaransa chote, akapiga simu na kumuuliza swali moja: «Mdogo wangu, unalalaka?» Baadaye alimpeleka kwa waganga. Leo mwenzetu anafundisha, na ndiye aliyeniruhusu niandike haya. Aliniambia: «Wewe ulinielezea Stromae. Yaya aliniuliza mimi.»

Basi, ndugu, mukiona rafiki ameweka wimbo wa namna hiyo, musome kama mulivyofundishwa, lakini musome kwa ajili yake. Jiulize: anasema ni nini anataka iishe? Hatia anayoimba ina kosa, ao haina? Na «wewe» wa wimbo ni nani, ao anangojea uwe wewe? Kisha weka uchambuzi chini, mpigie. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo mu kichwa, kunamtolea mzigo. Usimwache peke yake, mwende pamoja kituo cha afya. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Kwenda huko si aibu, ni sawa na kwenda kupimwa malaria.

Na wewe mwenye unasoma hii usiku, na wimbo uko unazunguka: kama unatafuta kosa lako na hulioni, labda halipo. Bisha mlango wa mtu mmoja.