Fetchall na keep: mistari iliyokula bando Mpanda

Ile crontab ya ofisi moja pale Mpanda mjini mmeshaiona, maana imezunguka kwenye simu za mafundi wote. Jina la ofisi tuliache. Nyota tano, yaani fetchmail, programu ya kuvuta barua pepe kutoka kwenye seva, iitwe kila dakika. Pupa, lakini ningesamehe. Lililonishinda liko kwenye .fetchmailrc: fetchall na keep, zote mbili, sanduku moja.

Jamani! Keep inaacha barua kwenye seva. Fetchall inataka zote, mpya na za zamani. Ukiziweka pamoja, kila duru barua zilezile zinashuka upya. Sanduku la MB 30 tu, mara 60 kwa saa, ni GB 1.8. Mtandao ukilegea, duru ya kwanza haijamaliza, ya pili inakuja na kurudishwa na kufuli. Tangazo la kikao lililofika asubuhi, mchana lina makumi ya nakala, na katibu muhtasi anazifuta moja moja huku bando likiwa limekwisha.

Utetezi nimeusikia: umeme. Ni kweli, Mpanda iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli. Lakini umeme ukikatika barua haipotei, inakusubiri kwenye seva. Tena fetchmail haifuti kitu kule mpaka huku mapokezi yakubali. Eric Raymond aliiandika hivyo tangu miaka ya 1990. Mnaogopa diski kufa? Fanyeni nakala rudufu. Mnaing'ang'ania keep? Toeni fetchall, wekeni uidl, kitashuka kipya tu.

Chmod 600 na TLS kwenye bandari 995: safi.

Halafu, kama kawaida yenu, >/dev/null 2>&1. Nimelipigia kelele hili mpaka nimechoka. Cron ilikuwa tayari kuwaandikia kila hitilafu, mkaiziba mdomo.

Mafundi wa enzi za modemu wasingethubutu. Charles Musisi na wenzake wa Mukla, kituo cha barua pepe cha Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walisafirisha barua kwa FidoNet na UUCP juu ya laini ya simu. Barua zinakusanywa, simu inapigwa, furushi linapita, simu inakatwa. Kilichofika kinatoka kwenye foleni. Aliyelipia simu ya nje kwa dakika hakurudia mzigo uleule.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Mpanda, futeni fetchall leo, na zile nyota tano ziwe */15 7-17 * * 1-5. Hiyo 7 ni saa moja asubuhi, si saa saba; msije mkaiamsha mashine mchana.